BIBI SALME NA IDD ZA UGENINI

Wapwani waliokwenda bara kutafuta riziki wanaujua mtihani huu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipoanza kazi katika miaka ya 1970, watu wa kila pembe ya Kenya walikusanyika katika mji ule mdogo kando ya mto Nzoia, na wapwani hawakukosekana. Huko Bungoma mgeni wa heshima huchinjiwa kuku na kusongewa ugali wa wimbi. Mwislamu akikaribishwa chakula hicho, neno la kwanza linalompitia moyoni ni: kuku huyu kachinjwa na nani? Mwenyeji muungwana humpa mgeni kisu akachinje mwenyewe, na karamu ikaendelea kwa furaha. Ukifika mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, Wabukusu wanapowatahiri vijana wao, ngoma hulia usiku kucha na busaa huzunguka. Mpwani hukaa pembeni na kikombe chake cha chai, akacheka na wenzake. Lakini Idd inapoingia, akisha kuswali na kupeana mikono na Waislamu wachache wa mji, hukaa kitako akaikumbuka pilau ya mama yake.

Mtu huyo, hata hivyo, ana nafuu. Akizidiwa na hamu hupanda gari, na baada ya safari ya mchana na usiku huwa yumo Mombasa. Leo, ndugu msomaji, tutamtazama mtu aliyekwenda mbali zaidi ya hapo, ambaye nyuma yake mlango ulifungwa. Naye ni Bibi Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja katika jumba la kifalme, akafa Ujerumani akiitwa Emily Ruete.

MTOTO WA MTONI

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, maili chache kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake, Seyyid Said, alitawala Oman na Unguja pamoja, na ndiye aliyeufanya mji wa Unguja kuwa makao yake na kuisitawisha mikarafuu visiwani. Mama yake aliitwa Jilfidan, suria wa Kicherkesi aliyetekwa utotoni katika nchi yake.

Jumba la Mtoni lilikuwa kama mji. Bibi Salme mwenyewe alikadiria kwamba watu zaidi ya elfu moja waliishi humo: watoto wa Seyyid, masuria, matowashi, watumishi na watumwa. Uani walitembea tausi, paa na mbuni. Lugha zilichanganyika; mbele ya mzee kilitakiwa Kiarabu, lakini akigeuza uso tu, Kiswahili na lugha nyingine nyingi zilisikika kila pembe. Mtoto akalelewa katika mchanganyiko huo, akajua kupanda farasi, akajua shabaha, na akajua adabu za sofra.

Adabu za sofra hizo si jambo dogo katika habari hii. Seyyid Said alikula na watoto wake asubuhi na tena alasiri. Waliketi chini kwa safu, pande mbili za sofra ndefu, kila mmoja kwa daraja ya umri wake, mkubwa karibu na baba, mdogo mbali. Watoto wachanga hawakuruhusiwa, wala masuria hawakula na Seyyid, hata aliyependwa namna gani. Wali ndio uliokuwa bwana wa vyakula, ukapikwa kwa namna nyingi. Palikuwa na nyama ya kondoo, samaki, mikate, vitu vitamu, matunda na sharubati. Mazungumzo hayakuruhusiwa wakati wa kula. Kila mtu alianza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumaliza kwa kumshukuru, akanawa, kisha ndipo kahawa ikanywewa na maneno yakaanza.

Ilipofika Ramadhani, usiku uligeuka mchana. Futari ilifunguliwa kwa tende na matunda, jamaa wakaalikana, taa zikawaka mpaka ngoma ya daku. Na zilipokaribia siku za mwisho, nyumba nzima ilishikwa na shughuli ya Idd: nguo mpya kwa kila mtu, hina mikononi na miguuni, udi na marashi, ng'ombe na mbuzi na kuku kuchinjwa kwa wingi. Mwezi ulipoandama mizinga ilipigwa. Asubuhi, baada ya sala, Seyyid Said alifungua hazina yake akagawa zawadi, na kila mtoto akajua kwamba amekumbukwa. Huo ndio mkono wa Idd alioupata Salme, na alikuwa bado akiukumbuka alipokuwa mama wa watoto watatu katika nchi ya theluji.

KALAMU YA SIRI

Wakati ule wasichana wa nyumba ya kifalme walifundishwa kuisoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia badala ya ubao, akafuatisha herufi za msahafu moja baada ya moja mpaka mkono ukazoea. Kalamu hiyo ndiyo iliyomtia matatani, na ndiyo iliyomfanya akumbukwe hata leo.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akirudi kutoka Oman. Jilfidan alimfuata mwaka 1859 kwa maradhi ya kipindupindu. Mwaka huohuo ndugu wawili waligombana: Seyyid Majid aliyekuwa akitawala Unguja, na mdogo wake Barghash aliyeitaka nafasi hiyo. Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, alivutwa na dada yake Khole akaingia upande wa Barghash. Kwa kuwa alijua kuandika, akawa katibu wa njama. Njama ikavunjika, Barghash akahamishiwa Bombay, na Salme akabaki katikati: Majid alimsamehe, lakini waliokuwa wakimpenda Barghash hawakumsamehe baadaye kwa kupatana na Majid. Yatima huyu akawa peke yake ndani ya ukoo mkubwa.

USIKU WA MWAKA KOGWA

Katika upweke huo alijuana na jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete, kijana mfanya biashara kutoka Hamburg. Nyumba zao katika Mji Mkongwe zilikaribiana. Mapenzi yao hayakufichika kwa muda mrefu, kwani Salme alipata mimba. Kwa binti wa Seyyid, na kwa mtu asiyekuwa Mwislamu, jambo hilo lilikuwa fedheha kubwa na hatari kwa maisha yake.

Yasimuliwa kwamba alichagua usiku wa Siku ya Mwaka, Agosti 1866, kuondoka. Wenyeji wa pwani wanajua kwamba usiku huo wanawake walikuwa wakiteremka pwani kwa makundi kukoga maji ya bahari, kuuosha mwaka uliokwisha. Katika umati ule wa kanga na vicheko, hakuna aliyeshangaa kumwona bibi naye akishuka. Mashua ilikuwa ikimngoja. Ikampeleka kwenye manowari ya Kiingereza, Highflyer, na alfajiri Unguja ikawa nyuma yake. Basi sikukuu ya kwetu ndiyo iliyomfungulia njia ya kutoka kwetu.

Alishuka Aden, akajifungua mtoto wa kiume mwezi wa Desemba. Ruete alimfuata baadaye. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku hiyohiyo akaolewa. Wakasafiri kwenda Ulaya, na mtoto wao wa kwanza akafa njiani kabla hawajafika Hamburg.

DESEMBA YA KWANZA

Tujaribu kumfuata katika majira yale ya baridi ya mwaka 1867. Walikaa Uhlenhorst, karibu na ziwa la Alster, mahali pazuri pa matajiri. Lakini Desemba huko jua huchomoza saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi alasiri limekwisha kuchwa. Madirisha yamefungwa, milango imefungwa, kila jamaa imejifungia kwake. Mtu aliyezoea uani kwa Mtoni, ambako mlango haujui komeo na mgeni haulizwi saa ya kuja, hujiona yumo gerezani.

Mwezi huo Wajerumani huingia katika sikukuu yao kubwa ya Krismasi. Huleta mti wa msonobari ndani ya nyumba wakaupamba kwa mishumaa, huoka biskuti za asali na viungo, bata bukini huokwa, nguruwe yumo katika vyakula vingi vya meza zao, divai humiminwa. Watoto hupewa zawadi usiku wa tarehe 24. Ukitazama kwa haki, kuna mengi yanayofanana na Idd: maandalio ya siku nyingi, harufu ya viungo jikoni, nguo nzuri, zawadi kwa wadogo. Viungo vyenyewe, karafuu na mdalasini, vilitoka katika bahari zetu, na huenda karafuu ile ilichumwa katika shamba la ndugu yake.

Sasa zingatia jambo moja. Kwa hesabu ya miaka ya Kiislamu, Ramadhani ya mwaka 1284 iliandama yapata tarehe 27 Desemba 1867, siku tatu tu baada ya mishumaa ile kuwashwa. Idd yenyewe ikaangukia mwishoni mwa Januari, baridi ikiwa kali kabisa. Hamburg haikuwa na msikiti. Hapakuwa na mzinga, wala ngoma ya daku, wala mtu wa kumwuliza kama mwezi umeonekana. Mjini mzima hakuna aliyejua kwamba Ramadhani imeingia. Salme alikuwa amekwisha kubatizwa, na yaliyokuwamo moyoni mwake anayajua Mola wake. Lakini mtu aliyelelewa katika nyumba ile hawezi kuupokea mwezi huo kama mwezi mwingine wowote.

Katika barua ndefu alizoziandika, ambazo hazikuchapishwa katika uhai wake, alieleza jinsi ugeni ulivyomlemea: baridi, macho ya watu waliomtazama kama kitu cha maonyesho, na dini mpya aliyoingizwa bila ya kufundishwa sawasawa, ambayo haikumpa utulivu. Faraja yake ilikuwa moja. Yeye na mumewe walizungumza Kiswahili. Ndani ya nyumba ile ya kaskazini, lugha ya pwani ndiyo iliyokuwa lugha ya mapenzi.

UJANE

Faraja hiyo haikudumu. Walipata watoto watatu, na kila mmoja alipewa jina la huku pamoja na la huko: Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza. Mwezi wa Agosti 1870 mumewe aliumia kwa ajali ya gari la reli lililokokotwa na farasi, akafa baada ya siku chache. Salme hakuwa ametimiza miaka ishirini na sita. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka miwili, mdogo angali akinyonya.

Tangu hapo maisha yalikuwa ya kuhamahama. Mali ilipungua, na sheria za huko zilimweka mwanamke chini ya wasimamizi wanaume. Alitoka Hamburg akaenda Dresden, akakaa Rudolstadt, akakaa Berlin. Binti wa Seyyid aliyezaliwa akihudumiwa akawa mwalimu wa kufundisha Kiarabu kwa ujira. Mwaka 1875, Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alizuru London. Salme akafunga safari akitaraji kuonana na kaka yake. Wakubwa wa Kiingereza walimzuia, wakamwahidi kuwasaidia watoto wake akikubali kutomwona. Akakubali kwa ajili ya watoto, na ahadi haikutimizwa.

KITABU CHA WATOTO

Yapata mwaka 1877, akiwa dhaifu wa afya na akidhani hataishi kuwaona watoto wake wakiwa wakubwa, alianza kuandika. Hakuandika kwa ajili ya soko. Aliwaandikia watoto wake watatu, waliokuwa wakila biskuti za Krismasi kila mwaka na hawajui hata harufu ya Idd ya babu yao. Kitabu kilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, nacho ni kumbukumbu za maisha ya binti wa kifalme wa Kiarabu.

Wanavyuoni hukisifu kwa habari za siasa na ukoo wa kifalme. Lakini yeyote wa pwani akikisoma atakwenda moja kwa moja kwenye sura nyingine: sura ya kufunga Ramadhani, sura ya Idd ndogo, sura ya Idd kubwa, sura ya chakula, ya harusi, ya uzazi na ya safari za mashambani. Hapo kalamu yake hukunjuka. Anaeleza hina inavyofungwa, nguo zinavyoshonwa kwa siri ili jirani asiige, kina mama wanavyotembeleana usiku na taa zao. Anaeleza kama mtu anayeandika huku amefumba macho. Mtu hakieleza chakula cha kila siku kwa namna hiyo mpaka awe amekikosa miaka mingi.

Hatusemi kwamba kila alichoandika ni cha kusifiwa. Alipowajibu Wazungu waliodharau desturi za Mashariki, alisema mengi ya haki juu ya mwanamke na elimu na ukarimu. Lakini pia aliutetea utumwa, akausema kana kwamba mtumwa hana haki ya kulalamika. Wale walionyanyua sinia za Idd aliyoisifu hawakuulizwa. Neno hili limemfuata mpaka karne hii: Hamburg ilikipa kiwanja kimoja jina lake mwaka 2019, kisha kwa ajili ya maneno hayo ya utumwa jina likaondolewa. Mtu mmoja anaweza kudhulumiwa na bado asiione dhuluma iliyo chini ya sofra yake mwenyewe.

MLANGO ULIOFUNGWA

Agosti 1885 aliiona Unguja tena, baada ya miaka kumi na tisa. Alikuja na watoto wake pamoja na merikebu za kivita za Kijerumani, kwani Bismarck aliona kwamba madai yake ya urithi yangefaa kumtisha Sultani. Wajerumani walipokwisha kupata walilolitaka kwa Barghash, habari ya bibi ikaachwa.

Barghash hakukubali kumwona. Yeye aliyemwandikia barua za njama katika ujana wake, sasa alipita mbali naye. Lakini watu wa mji walimkusanyikia njiani, wakamwamkia kwa Kiswahili na Kiarabu, na alilia kwa furaha ya kusikia lugha hizo. Alikwenda Mtoni akalikuta jumba alilozaliwa limekuwa gofu. Uani palipotembea tausi pameota majani.

Akajaribu tena mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufariki. Mlango haukufunguliwa safari hiyo pia. Dhambi mbili alihesabiwa, kuacha dini na kuolewa na Mkristo, na juu yake la tatu, kuja chini ya bendera ya kigeni. Kwa upande wa pili, Wajerumani walimwona Mwarabu aliyevaa nguo za Kizungu. Yeye mwenyewe alikiri kwamba alitoka kwao akiwa Mwarabu na Mwislamu kamili, na alichokuwa sasa hakikuwa kamili upande wowote.

Hakurudi kukaa Ujerumani. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, akakaa nchi ya Sham mpaka mwaka 1914, yapata robo ya karne. Huko hapakuwa Unguja, lakini palikuwa na adhana alfajiri, mikate ya moto sokoni, tende, kahawa, na Ramadhani inayojulikana na mji mzima. Asiyeweza kurudi kwao hukaa mahali panapofanana na kwao.

MCHANGA

Miaka ya mwisho aliishi Jena, kwa jamaa ya binti yake. Alifariki tarehe 29 Februari 1924, umri wake miaka sabini na tisa. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe. Yasimuliwa kwamba katika vitu vyake ulionekana mfuko mdogo wenye mchanga wa pwani ya Unguja, aliouchukua katika safari yake ya mwisho, nao ukazikwa pamoja naye. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, aliandika kitabu juu ya babu yake Seyyid Said, kilichotoka mwaka 1929, na maktaba ya mama yake aliikabidhi Leiden, Uholanzi. Na katika jumba la makumbusho la Unguja, lililokuwa kasri ya ndugu zake, kimo chumba cha kumkumbuka.

Wazee wetu walisema mwacha asili ni mtumwa. Ukiyatazama maisha ya Bibi Salme utaona methali hiyo haimtoshi, kwani yeye asili hakuiacha. Aliacha nyumba, na nyumba ikamwacha yeye. Akabaki na ile asili mkononi, hana pa kuiweka, mpaka akaiweka katika karatasi.

Mpwani wa Webuye anayepokea kisu kwa mwenyeji wake Mbukusu akamchinja kuku mwenyewe, amepata jambo ambalo binti wa Seyyid hakulipata Hamburg: mtu wa kumwuliza dini yako inataka nini, na kumngojea. Vyakula vya ugenini huzoeleka, na sikukuu za wengine mtu huweza kuzifurahia bila kupoteza yake. Lakini Idd haiwi kwa pilau peke yake. Inataka mtu wa pili wa kukwambia kwamba mwezi umeandama.